Kisu cha Mkono wa Kushoto

Jumatatu asubuhi, wakati wa kula viazi, Harung alimwambia mkewe kwamba Jumapili ijayo, baada ya ibada, angempa mdogo wake Umin njia ya mitego. Alilisema jambo hilo huku akipuliza kiazi, kana kwamba anasema kesho mvua itanyesha. Iwal akaweka kikombe chini.

"Unampa au unamwazima?"

"Nampa."

"Njia ya baba yako?"

"Njia ni ya anayeipita," Harung akasema. "Mimi siipiti."

Njia yenyewe inaanzia nyuma ya daraja la juu, inapanda kati ya mianzi mpaka penye maporomoko madogo, halafu inazunguka bega la mlima kwa mwendo wa nusu siku. Baba yake Harung aliipita, na babu yake aliipita hata kabla Wajapani waliotutawala hawajawateremsha watu bondeni. Kila ukoo una njia yake. Mtu akishampa mwingine, njia hairudi, maana neno hilo hutamkwa mbele ya marehemu, na marehemu hawana utani. Iwal aliyajua hayo. Alijua pia kwamba mwanamume wa kabila letu la Kitruku asiye na njia kazi yake ni kukaa barazani akitazama mabasi ya watalii yanavyopita, na yeye hakuolewa na mtazama mabasi.

Kiharusi kilimpiga Harung mwezi wa pili. Mguu ulirudi. Mdomo nao ulirudi, tena ulirudi na maneno zaidi ya yale uliyoondoka nayo. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Vidole vilikunjika kama vya mtu aliyeshika kitu na hataki kukiachia. Tangu siku hiyo Umin ndiye aliyepita njia na kukagua mitego ya kaka yake, na kila alichokikuta alikileta mlangoni: kindi wa kuruka, kwale, siku moja paa mdogo. Mnyama wa mtego wako unamchuna mwenyewe, ndiyo desturi. Mara ya kwanza Harung alijaribu kumpasua kindi kwa ule mkono mbovu, kisu kikaenda upogo, utumbo ukatoboka, nyama yote ikaharibika. Umin alitazama pembeni kwa adabu. Kutazama pembeni huko kulimuumiza Harung kuliko kiharusi chenyewe, na tangu hapo alimwachia Umin kila kitu. Kisha, kwa mwezi huu mmoja, Umin akawa anarudi mikono mitupu. Mitego yote ilikuwa mitupu, kuanzia darajani hadi begani mwa mlima.

Iwal alikuwa mtu wa kufikiri huku akifanya kazi, na siku hiyo alifikiri huku akiosha sufuria mpaka sufuria ikakaribia kutoboka. Mkono wa kulia umekufa ganzi, sawa. Wa kushoto ni mzima, tena una nguvu za kubeba gunia la mtama. Basi anachokosa mzee ni kisu. Kile cha zamani kilifuliwa kwa ajili ya mkono wa kulia na kilikuwa kimeuzoea mkono huo kwa miaka arobaini. Akipata kisu kinachokubali mkono wa kushoto, atachuna. Akichuna, atapanda. Akipanda, hatatoa njia. Jambo lilikuwa rahisi kabisa, ila kwa kitu kimoja: Iwal hakuruhusiwa kugusa kisu.

Gaya, sheria ya wahenga, inasema hivi: mwanamke hagusi kisu cha mwindaji, na mwanamume hagusi kitanda cha kufumia nguo. Akikigusa mmojawao, bahati ya porini inakimbia. Mchungaji husema Mungu hana habari na mambo hayo, lakini mchungaji alizaliwa mjini. Iwal alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, kila Jumatano mazoezi hayampiti, na bado alipofagia alikizunguka kisu cha mumewe kilichoegemezwa mlangoni kama vile nyoka amelala pale. Mwaka ule jiko liliposhika moto alitoa watoto, akatoa mbegu za mtama, akatoa kitanda chake cha kufumia, halafu akasimama uani akimpigia kelele jirani mwanamume aje atoe kisu. Kijiji kizima kilimcheka. Lakini kisu kilipona, na bahati ilipona.

Sasa mtu atachaguaje kitu asichoweza kukishika?

Jumanne alikanda unga wa mchele wa kunata, akafanya donge la ukubwa wa ngumi, akamwendea mumewe barazani.

"Nifinyie hili."

"La nini?"

"Mke wa mchungaji anasema ni mazoezi. Yanasaidia mkono."

Harung akaunyanyua mkono wa kulia kwa kuuinua na wa kushoto. "Mgonjwa ni huyu, mama."

"Namjua mgonjwa, nalala naye. Mpe huyo mzima kwanza, huyu mwingine aone wivu."

"Wewe mwanamke," Harung akasema, lakini alilifinya. Alilifinya barabara, kwa hasira za miezi minane, na Iwal akalinyakua kabla hajalivuruga. Alama za vidole vinne zilikuwa zimekaa upande mmoja na kidole gumba upande wa pili, na katikati palikuwa na shimo la kiganja. Alilifunga kwa jani la gimbi, akalikausha juu ya meko. Lilipasuka kidogo pembeni, lakini mkono ulikuwa mle ndani, na mtu yeyote anayemjua Harung angeutambua.

*

Mhunzi wa kijiji ni Pisaw, mtoto wa shangazi yake Iwal, mzee wa kutafuna tambuu mchana kutwa. Karakana yake ni banda la mabati kando ya barabara, limejaa springi za malori yaliyokufa. Iwal alisimama kwenye jiwe, nje kidogo ya kizingiti.

"Dada," Pisaw akasema bila kuinua kichwa, "wanawake hawaingii humu."

"Nimeingia?"

"Bado."

"Basi fanya kazi yako. Nataka kisu."

Hapo Pisaw akainua kichwa. Iwal akaliweka lile donge kwenye jiwe, akarudi nyuma hatua mbili, akaeleza. Pisaw alilichukua, akaligeuza, akaliingiza vidole vyake mwenyewe katika mashimo ya vidole vya Harung. Kisha akauliza ni mkate gani huu, na kama unalika.

"Mpwa wangu kanionyesha kisu kwenye simu," Iwal akasema. "Kinang'aa, mpini wa mpira, wanasema hakipati kutu."

"Hicho ni cha kukatia keki ya harusi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Maneno hayo yalimlainisha mhunzi. Akafungua sanduku, akaanza kuvitoa visu kimoja kimoja na kuviinua juu ili dada yake avione kutoka jiweni. Cha kwanza kilikuwa kirefu kama mkono toka kiwiko hadi vidole. Iwal akatikisa kichwa: hicho ni cha kufyekea na cha nguruwe, na Harung si wa kupigana na nguruwe tena. Cha pili kilikuwa chembamba, kizuri, ncha imechongoka kama sindano.

"Hicho kinatoboa," Iwal akasema. "Tumbo la kindi ni jembamba kuliko karatasi. Ukiligusa utumbo kwa ncha hiyo, umekwisha."

"Nani kakufundisha?"

"Nimeolewa miaka arobaini na moja na mtu asiyejua kuongea kitu kingine."

Wakakubaliana: urefu wa shibiri na vidole viwili. Mgongo uwe mnene, maana porini kisu kimoja ndicho kinachochuna, ndicho kinachopasua kuni za mvua, ndicho kinachokata mwanzi wa kupikia wali. Chuma kiwe kipande kimoja, kipite ndani ya mpini mpaka mwisho wake, kisije kikachomoka kwenye baridi huko juu mzee akabaki na kijiti mkononi. Tumbo la kisu liwe la mviringo kidogo, la kukwangua ngozi iliyobabuliwa manyoya. Pisaw alikuwa navyo vitatu vya namna hiyo. Akavipanga kwenye fuawe, akavigonga kimoja kimoja ili Iwal asikie sauti ya chuma chake.

"Vyote vizima. Chagua."

"Nitachaguaje? Vijaribu."

Pisaw akachukua kipande cha mwanzi, akachukua kisu, akaupasua kwa pigo moja. "Umeona?"

"Nimeona mkono wa kulia," Iwal akasema. Akafungua kitambaa alichojifunga kichwani, kile chekundu chenye nakshi ya macho ya wahenga alichokifuma mwenyewe, akamrushia. "Jifunge."

"Nijifunge nini?"

"Mkono wa kulia, nyuma ya mgongo. Unamchagulia mtu wa mkono mmoja kwa mikono miwili?"

"Dada, nina miaka sabini."

"Basi funga taratibu."

Waliopita barabarani mchana ule wanasimulia mpaka leo. Walimwona Pisaw mhunzi kafungwa mkono kwa kitambaa cha mwanamke, ameukanyaga mwanzi kwa mguu, anaukata kwa mkono wa kushoto huku akitukana. Kisu cha kwanza kilizama ndani ya mwanzi na kugoma kutoka. Cha pili kilikwenda kando, kikachukua kipande cha kiatu. Cha tatu kilikuwa afadhali, lakini alipojaribu kuchonga kijiti cha mtego, kila alipotaka kukata juu juu kisu kilikula ndani, kila alipokiinua kikateleza hewani. Jasho lilimtoka. Mwishowe aliketi juu ya springi za lori, akatema tambuu.

"Maskini Harung," akasema. "Juzi nilimpita barabarani nikamtania kwamba siku hizi anakula bure. Sikujua, dada."

Iwal naye alikuwa amejitayarishia matani, akayameza.

Pisaw akakitazama kile kisu tena, safari hii kama mhunzi. Visu vyetu hunolewa upande mmoja tu: ubavu wa kushoto bapa, ubavu wa kulia una mteremko. Kwa mkono wa kulia, mteremko huo ndio unaokiongoza kisu kitoke nje ya mti. Kwa mkono wa kushoto, unakisukuma ndani. Alikuwa akilijua jambo hilo kama anavyojua jina lake, na hakuwahi kulifikiri hata siku moja.

"Miaka hamsini nafua," akasema, "sijawahi kufua kisu cha mashoto."

"Na mashoto wote wa bonde hili, wamekuwa wakikata kwa nini?"

"Kwa hasira."

Akafungua kitambaa, akaanza kuchagua springi. Alitaka ya lori la mawe, maana chuma chake kimevumilia mengi. "Njoo Jumamosi," akasema. "Na hilo donge liache hapa. Mpini nitauchonga kwa kulifuata."

*

Jumamosi mchana Iwal alirudi na kisu bila kukigusa. Pisaw mwenyewe alikivika ala, ile ya ubao upande mmoja na waya upande wa pili ili maji yatoke, akaifunga kwa kamba kwenye tenga la Iwal la mgongoni. Njiani kilikuwa kinamgonga tengani, na kila kilipogonga moyo wake ulifurahi kama wa msichana anayeficha barua. Alikuwa ameshapanga maneno yote. Alipofika uani aligeuka, akampa Harung mgongo.

"Chukua kilichoko kwenye tenga."

Harung alikifungua polepole, kwa mkono mmoja na meno. Alikitoa alani. Iwal, akiwa bado amempa mgongo, alisikia kidole gumba kikipapasa ubavu wa chuma, akajua mzee ameuona mteremko ulikokaa.

"Upande wa kushoto," Harung akasema.

"Pisaw alikataa kwanza. Nikamfunga mkono."

"Na mpini..." Vidole vilikuwa vimeingia mahali pake. "Lile donge! Iwal, wewe ni mchawi."

Iwal akageuka, amejaa tabasamu. Akaona mumewe ameshakirudisha kisu alani, amekiweka juu ya benchi, anakisogeza mbali naye kwa kidole.

"Mpe Umin," Harung akasema.

"Umin si mashoto."

"Basi mrudishie Pisaw. Mimi sistahili."

"Mkono wako utajifunza. Mtoto hujifunza kula, sembuse wewe."

"Siyo mkono." Alikuwa anatazama chini. "Iwal, nimegusa kitanda chako."

"Kitanda gani?"

"Cha kufumia."

Kuku waliparuza uani. Iwal akalivua tenga, akalipindua, akaketi juu yake.

Alimweleza yote. Ilikuwa Jumatano, yeye Iwal yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Harung alitaka kuufundisha mkono wa kushoto, lakini aliogopa kisu: angejikata, mke angeona damu, angelia, na kilio cha Iwal hakiwezi. Akauona ule upanga wa mti wa kushindilia uzi, umelala juu ya kitambaa ambacho hakijaisha kufumwa. Una umbo la kisu, una uzito wa kisu, na haukati. Akauchukua. Akakaa nao pale sakafuni akichinja hewa, akipasua hewa, akichuna kindi wa hewa, mpaka aliposikia nyimbo zimekwisha. Jumatano ya pili akarudia. Na ya tatu.

"Ndiyo maana niliukuta umegeuzwa!" Iwal akapaza sauti. "Nikampiga paka!"

"Nilimwona paka. Niliona haya."

"Harung, ule ni wa mama yangu! Mama wa mama yangu aliushika!"

"Najua. Baada ya hapo mitego ikafunga midomo. Wiki ya kwanza nikasema ni upepo. Ya pili nikasema ni Umin. Hii ni ya nne. Wahenga wamenijibu, Iwal. Nikiendelea kuishika njia itakufa mikononi mwangu. Umin hajagusa kitu cha mtu. Bora aichukue ingali hai."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla. Wiki nzima yeye Iwal alikuwa akihangaika na mkono, akimfunga Pisaw na kukausha madonge, na mkono wenyewe haukuwa tatizo. Alitaka kukasirika zaidi, maana ule upanga ni kitu kikubwa na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa halali. Lakini kila alipoitafuta hasira alimwona mzee wa miaka sitini na sita, peke yake sakafuni, mguu umenyooka, anachuna kindi asiyekuwepo kwa kipande cha mti, na sikio lake moja liko kanisani. Alimpenda siku aliyokuja kwao na mikia ya kindi kumi mshipini akijifanya si kitu. Lakini siku ile hakumpenda kama alivyompenda sasa hivi, hapa, na macho yake chini.

"Na ukanyamaza mwezi mzima," akasema.

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo. Wewe na mdomo wako wote huo." Akafuta pua kwa mkono. "Kosa la Gaya lina dawa au halina?"

"Lina. Unalisema, unachinja, ndugu wanakula."

"Umeshalisema."

"Sina nguruwe."

"Kwa upanga wa mti nguruwe wa nini? Mkamate yule jogoo, yule mpumbavu anayewika saa saba mchana. Hakuna atakayemkumbuka."

"Nani atamchinja?"

Iwal alitazama benchi penye kisu.

*

Jogoo alikamatwa na Iwal, maana jogoo hana adabu kwa wagonjwa. Alimbana mabawa na miguu, akamlaza juu ya gogo. Harung akamwaga pombe kidogo ya mtama chini, akawaambia wahenga jina lake na jina la baba yake, akawaambia alichokigusa na mara ngapi, hata paka akamtaja. Kisha akakichomoa kisu kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza lilikuwa la woga, la pili likamaliza.

Wakamtia maji ya moto, wakamnyonyoa, wakambabua juu ya majani makavu. Harung akaanza kukwangua ngozi. Mara mbili za mwanzo kisu kilikwenda kama mlevi. Mara ya tatu mteremko ulishika, na masizi yakatoka kwa ukanda mrefu, safi, na ngozi haikuchanika. Harung akasimama, akakitazama kisu. Akakwangua tena, ukanda mwingine. Iwal alikuwa amemshika jogoo miguu, anahesabu kanda kimoyomoyo.

Wakafika tumboni. Hapo mkono ukasita. Ncha iligusa ngozi laini chini ya kifua, ikaondoka. Ikarudi, ikaondoka. Iwal alijua anachokiona mumewe: si jogoo, ni kindi yule wa kwanza baada ya kiharusi, utumbo umemwagika, na Umin anatazama pembeni.

"Siwezi," Harung akanong'ona. "Nitalitoboa."

Iwal akamwachia jogoo mguu mmoja. Akaunyoosha mkono wake wa kulia, mkono ambao kwa miaka arobaini na moja ulikizunguka kisu kwa ufagio, akauweka juu ya mkono wa mumewe, vidole vyake vikapita kati ya vya mumewe na kuufikia mpini.

"Iwal! Gaya!"

"Kosa moja, makosa mawili, jogoo ni huyu huyu. Kata."

Harung akaangua kicheko. Kilimtoka tumboni, kikamtikisa mabega, na kilipopita mkono ulikuwa umetulia. Walikata pamoja, kidogo kidogo, ncha imeinuliwa juu, kutoka kifuani hadi chini. Hakuna kilichotoboka. Utumbo ulitoka mzima, unang'aa, na ini, na firigisi.

"Kumbe ni kizito hivi," Iwal akasema, akiutazama mkono wake.

"Kisu?"

"Nilidhani ni chepesi. Nyinyi mnakibeba kama si kitu."

Umin aliwakuta hivyo, damu viwikoni, wanacheka. Alikuwa amekuja na chupa mbili za pombe ya mtama kwa ajili ya kesho, na uso aliokuja nao ulikuwa wa msibani, maana yeye njia hakuitaka, aliitwa akaja. Akasimama na chupa zake.

"Shemeji, kuna nini?"

"Kaka yako ana kosa," Iwal akasema. "Na mimi ninalo. Keti ule makosa yetu."

"Na ya kesho?"

"Kesho usivae viatu vya kanisani," Harung akasema. "Ibada ikiisha tunapanda. Wewe mbele, mimi nyuma, polepole. Unionyeshe mitego yangu umeitega wapi. Mwezi mzima hata kwale? Kindi wameshuka kwenye mialoni wanakula mbegu, na wewe bado unawategea juu huko kwenye baridi, sivyo?"

Umin akakuna kichwa. "Nilidhani..."

"Sivyo?"

"Ndivyo, kaka."

Kama ni wahenga au ni Umin, Iwal hakutaka kujua. Aliwasha moto, akachemsha jogoo kwa tangawizi na pilipili ya mlimani. Nyama ilipoiva Harung hakungoja apakuliwe. Aliitisha majani ya mgomba, akayatandika chini, akaanza kugawa kwa kisu chake kipya, polepole, kwa mkono wa kushoto, kama wanavyogawa wawindaji wakishuka mlimani: kipande cha paja kwa kila jani, kipande cha kifua, kipande cha ini, sawa kwa sawa, bila mkubwa wala mdogo.

Umin alitazama majani. Yalikuwa matatu.

"Kaka, wawindaji tuko wawili."

Ni kweli. Fungu la namna hiyo hupewa tu aliyeshiriki mawindo. Mwanamke hula katika fungu la mumewe, na chakula kinamtosha, na hakuna anayelalamika. Iwal alikuwa amekula katika fungu la baba yake, kisha katika fungu la Harung, na hakuwahi kuona jani lake.

"Aliyemshika mnyama hapati fungu?" Harung akauliza. "Wewe umefundishwa wapi?"

Akalinyanyua lile jani la tatu juu ya kiganja cha kushoto. Nyama ilitaka kuteleza, mkono wa kulia ukaja chini yake, umekunjika vile vile, ukalitegemeza. Akaliweka mbele ya mkewe. Iwal alifuta mikono kwenye sketi yake, mara mbili, akalipokea.